Mwanafunzi Aliyekosea kwa Makusudi

Sensei alipomwita ubaoni, Nesi alijua cha kuandika, na alijua pia kwamba hatakiandika.

"Nu," alisema Sensei. "Kwa hiragana."

Nesi alipita katikati ya madawati akiwa bado na sare yake nyeupe ya zahanati, kwa sababu zamu ilikuwa imemchelewesha. Darasani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Nesi tu, kama mwalimu wao alivyokuwa Sensei tu, neno la Kijapani lenye maana ya mwalimu. Walikuwa wamemwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa utani, mpaka utani ukageuka jina.

Alishika kalamu ya ubao. Katika hiragana, herufi za kwanza anazojifunza mwanafunzi wa Kijapani, "nu" na "me" zinafanana kama mapacha. Tofauti yao ni kitanzi kidogo mwishoni mwa mkia: "nu" inacho, "me" haina. Wanafunzi wa wiki ya kwanza huzichanganya, lakini Nesi alikuwa ameshavuka hapo zamani. Zahanatini, wagonjwa walipopungua, alizichora pembezoni mwa magazeti ya zamani mpaka mkono ukazizoea.

Aliandika "me".

Darasa likacheka. "Nesi, umeikata mkia," alisema dereva mmoja aliyependa kukaa nyuma. "Ipeleke zahanati ikashonwe."

"Sasa niandikie tsu, kwa katakana," alisema Sensei. Yeye hakucheka.

Nesi akaandika "shi". Kicheko kikaongezeka. Alirudi kwenye dawati lake akiangalia sakafu, maana alijua akiinua macho yatakutana na ya Sensei, na macho ya Sensei hayakuwa ya kudanganywa.

Wengine walipoondoka, Sensei alimwambia abaki. Alifuta nusu ya ubao kwa mkono wa kushoto na kuiacha ile nusu yenye makosa yake. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, mahali ulipokaa kila siku watu walipokuwepo.

"Njoo uangalie," alisema.

"Nimeshaona. Nimekosea."

"Njoo."

Nesi akaenda. Walisimama karibu mpaka akaisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, na moyo wake ukaanza vituko vyake vya siku zote.

"Mtu anayechanganya shi na tsu," alisema Sensei taratibu, "huandika kitu cha katikati. Vile vistari vidogo vinalala upande, mstari mrefu haujui uanzie juu au chini. Wewe umeandika shi safi kabisa. Umevuta mstari kutoka chini kwenda juu, kama nilivyokufundisha. Asiyejua hawezi kukosea kwa usahihi namna hiyo."

Nesi aliifuta ile shi kwa kiganja.

"Mtihani ni mwisho wa mwezi. Wanachukua watu wachache sana kwenda kuhudumia wazee Japani. Wewe ungekuwa wa kwanza. Kwa nini unajifelisha?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka nisikie."

"Nikifaulu, naondoka," alisema Nesi. "Nikiondoka, wewe unabaki hapa na ubao wako. Sasa unataka niseme nini tena? Kwamba niliingia darasa hili nikitafuta kazi nikakukuta wewe?"

Sensei alikaa juu ya dawati kama mtu aliyechoka ghafla.

Yote yalikuwa yameanza mwezi wa baridi, Sensei alipokuja zahanati akiwa na maumivu kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia ambavyo havikuwepo tena. Nesi ndiye aliyeukanda mkono ule, bila kuuliza kitu. Wiki ile ile Sensei akawafundisha kuandika majina yao kwa katakana, maana ndiyo herufi ambazo Wajapani huandikia maneno ya kigeni. Jina la Nesi lilikuwa na sauti ambayo Wajapani hawana, ikabidi libadilike kidogo. Sensei alilitamka jinsi litakavyosikika huko, polepole, akimwangalia. Toka siku hiyo walianza kusindikizana mpaka kituoni, na kituo kila siku kilionekana kusogea karibu.

"Kila herufi ninayokufundisha inakusogeza mbali na mimi," alisema Sensei. "Unafikiri silijui hilo? Nalala nalo, naamka nalo. Lakini nikikufundisha vibaya nitakuwa nani?"

"Sijakuomba unifundishe vibaya. Niache tu nifeli."

Kabla Sensei hajajibu, mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa kaka yake Nesi. Alikuwa fundi bomba, na viatu vyake vya mpira viliacha alama za maji sakafuni. Chumba kile alikifahamu. Mwaka uliopita alikaa humo humo akihangaika na herufi hizo hizo, akafanya mtihani mara mbili, akafeli mara mbili. Ndipo nyumbani ikaamuliwa kwamba aende mdogo wake.

"Mwalimu, salama?"

"Salama. Karibu."

"Sikuja kukaa." Aliwatazama wawili wale na ile nafasi ndogo iliyokuwa kati yao. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Huyu mdogo wangu toka utoto hajawahi kushika mkia darasani. Tangu ulipoanza kumsindikiza, anashika mkia. Na mimi si mtoto mdogo. Unamfundisha nusu nusu ili abaki."

"Kaka," Nesi alianza.

"Wewe nyamaza, naongea na mwalimu wako. Tulikuletea mwanafunzi, hatukukuletea mchumba. Mama miguu imevimba, hasimami hata kupika. Mimi leo nina kazi, kesho sina. Huyu ndiye tegemeo letu, na wewe umekaa unamchezea akili."

Sensei angeweza kusema neno moja tu na kujiokoa. Angeweza kusema, mwulize dada yako anachokifanya. Nesi alilisubiri neno hilo. Halikuja.

"Kama matokeo yake ni mabaya, lawama ni yangu," alisema Sensei.

"Basi msihangaike." Kaka alitabasamu bila furaha. "Nimeshapata wakala mwingine. Akifeli hapa, anakwenda kwa njia hiyo, kiwanda cha kusindika samaki huko huko Japani. Hawana mtihani. Hawataki herufi wala hiragana. Wanataka mikono tu."

Alipoondoka, ilibaki alama ya maji mlangoni. Nesi alihisi kama amepigwa kofi. Siku zote alifikiri kufeli ni mlango wa kubakia. Kumbe kaka alikuwa ameshazunguka nyuma.

Sensei aliutoa mkono wake wa kulia mfukoni akauweka juu ya dawati, mchana kweupe. Ulikuwa na kidole gumba, cha shahada na cha kati. Baada ya hapo kulikuwa na kovu.

"Nilikwenda Japani nikiwa najua hiragana na katakana," alisema. "Nilijiona msomi. Kanji, zile herufi ngumu zilizojaa mistari, nilisema nitajifunza huko huko. Juu ya mashine yangu kulikuwa na herufi mbili nyekundu. Nilizipita kila asubuhi. Niliziona kama urembo."

"Zilisema nini?"

"Hatari." Alitazama dirishani. "Nilikuja kuzisoma nikiwa hospitali. Nikaanza upya kuandika kwa mkono wa kushoto, a, i, u, e, o, kama mtoto. Hii nimekuwa nawaambia watu ni ajali tu. Ni ajali, ndiyo. Lakini mwenzangu wa mashine ya pili alikuwa anajua kusoma, na ana vidole vyake vyote."

Nesi aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Kwa hiyo nikifeli nakwenda, na nikifaulu nakwenda."

"Ndiyo. Ila ukifeli unakwenda ukiwa kipofu."

"Na nikisema siendi kabisa?"

"Sema. Nyumbani kwenu, mbele ya mama. Nitakuja nikae karibu yako useme."

Nesi aliiona miguu ya mama ikiwa juu ya kigoda, aliwaona watoto wa kaka wakigombania kitanda kimoja. Alitikisa kichwa. Maneno hayo hayangemtoka, na wote wawili walijua.

"Nitafaulu," alisema mwishowe. "Lakini kabla sijapanda ndege, uje nyumbani unipose kwa mama. Niondoke nikiwa na mwenyewe. Niahidi."

"Nitakuja," alisema Sensei. "Hata wakinifukuza na ufagio."

Siku zilizofuata Nesi alisoma kama mtu anayekimbizwa. Sensei alimpa kitabu cha mazoezi, akaacha kumwelekeza kila mstari. "Huko sitakuwepo," alimwambia. "Zoea kukosea peke yako." Nesi alikasirika, akalia kidogo chooni zahanatini, akarudi kwenye kitabu.

Halafu likatokea jambo ambalo hakulitegemea. Mchana mmoja, akisubiri vifaa vichemke, alifungua ukurasa ambao hakuwahi kuufundishwa. Ilikuwa hadithi fupi ya bibi mzee anayeongea na mhudumu wake. Alianza kuisoma herufi moja moja kwa midomo, kama kawaida. Katikati ya ukurasa aligundua midomo imesimama. Alikuwa akisikia tu. Bibi alisema ana kiu. Bibi alisema mgongo unamuuma, na kwamba mwanawe hajaja tangu masika. Nesi aliusoma ukurasa mpaka mwisho, akarudia, na kitu kifuani mwake kikafunguka, kitu ambacho hakikuwa cha mama, wala cha kaka, wala cha Sensei. Kilikuwa chake peke yake. Hakumwambia mtu. Alikificha kama mtu anavyoficha kosa.

Mtihani alifaulu. Alikuwa wa kwanza, kama Sensei alivyosema. Nyumbani walishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Sensei alitimiza ahadi. Alikuja Jumapili mchana, amevaa suti iliyomkaa kubwa kidogo, akifuatana na shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya kiume. Mama alikuwa kitini, miguu juu ya kigoda. Kaka aliegemea mlango wa jikoni, mikono kifuani.

"Shikamoo mama," alisema Sensei.

"Marahaba baba. Kaeni."

"Mimi si mtu wa mafumbo, dada yangu," alianza shangazi. "Kijana wetu anampenda binti yenu, na binti anampenda. Anasafiri, tunajua. Hatukuja kumzuia. Tumekuja kuomba aondoke akiwa na uchumba, akirudi waoane. Hayo tu."

Mama alimtazama Sensei kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Nesi zaidi.

"Umemfundisha mwanangu vizuri, nakushukuru," alisema mama. "Sina ubaya na wewe. Lakini huo mkono, baba. Nikiuangalia, namwona huyu anarudi hivyo hivyo. Ukiwa mkwe wangu nitauona kila siku hapa, kila siku nitaomboleza mtu ambaye hajafa. Siwezi. Nisamehe."

Shangazi akafungua kinywa. Sensei akamgusa bega, akazungumza mwenyewe.

"Mama anauogopa mkono huu," alisema. "Lakini kilichoukata kiko huko anakopelekwa. Mama anamfukuza aliyeumia, halafu anampeleka binti kule kule. Kama ni woga, mama, basi asiende."

"Toka," alisema kaka, akijitoa mlangoni. "Toka kabla sijakutoa."

"Mwache," alisema mama.

Mama aliishusha miguu yake kutoka kwenye kigoda, mmoja, halafu mwingine, akikunja uso kwa maumivu. Akamgeukia Nesi, na kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, akamwangalia yeye badala ya kuangalia safari yake.

"Wewe mwenyewe unasemaje? Hakuna aliyekuuliza hapa ndani. Mimi mama yako sikukuuliza. Ukisema hutaki, huendi. Kaka yako atanuna, tutalala njaa tutakazolala, lakini huendi. Unataka kwenda?"

Hilo lilikuwa swali alilolililia miezi mingi. Sensei alimtazama, na uso wake wote uliwaka matumaini. Alikuwa ameshamaliza kazi, mlango ulikuwa wazi, kilichobaki ni Nesi kusema hapana.

Nesi alifungua kinywa. Alimwona bibi mzee kitandani, akisema ana kiu kwa lugha ambayo yeye angeielewa.

"Nataka kwenda," alisema.

Alisikia pumzi ya Sensei ikikatika. Shangazi akasema taratibu, "Haya," akaanza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

Nesi aliwafuata mpaka getini. Shangazi alitangulia barabarani, akawapa mgongo, akijifanya anaangalia watoto wanaocheza mpira.

"Lini ulianza kutaka?" aliuliza Sensei.

"Ulipoacha kunishika mkono. Nilipoanza kusoma mwenyewe." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Sikupanga. Naapa sikupanga."

"Najua. Ilinipata na mimi, kabla ya mashine." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Basi kwenda nenda. Mama atabadilika. Mimi nitasubiri."

"Usinisubiri."

"Unasema nini?"

"Mkataba ni miaka mitatu, na wanaongeza. Nikijua kuna mtu getini ananingoja, nitakuwa nahesabu siku badala ya kuishi. Nitachukia kazi, nitachukia wale wazee, mwisho nitakuchukia na wewe. Usinisubiri."

"Kwa hiyo hunipendi."

"Ningekuwa sikupendi, ningekwambia subiri."

Sensei aliinua mkono wa kulia, ule wa vidole vitatu, kama anayetaka kumfuta machozi. Aliuona mwenyewe ukiwa hewani, akaurudisha mfukoni. Akageuka. Shangazi alimshika kiwiko bila kumuuliza kitu, wakaenda zao, na ile suti kubwa ilimpwaya mabegani kama si yake. Hakugeuka nyuma. Nesi alibaki getini mpaka walipokata kona, na hata baada ya hapo.

Aliporudi ndani, kaka alikuwa amechangamka. Alimfungulia mikono. "Mdogo wangu, leo umeniheshimisha. Nilijua damu ni damu."

"Usinishukuru," alisema Nesi. "Siendi kwa ajili yako."

Alimpita, akampita na mama, akaenda bafuni uani akafunga mlango. Alifungua bomba lote juu ya ndoo tupu ili lipige kelele, akakaa kwenye sakafu baridi, akauma ncha ya mkono wa gauni lake. Alilia kama wanavyolia watu waliofiwa, bila kuchagua sauti.

Ndoo ilijaa ikaanza kumwagika. Maji yalipita chini ya mlango yakaenda uani.

"Nani ameacha bomba wazi huko?" ilisikika sauti ya kaka. Hatua zake zikakaribia, mkono wake ukagusa kitasa.

Hatua nyingine zikafuata, nzito, za kuburuta, za mtu ambaye hakuwa ametembea mpaka uani kwa miezi mingi.

"Mwache," alisema mama.

"Maji yanamwagika, mama."

"Yaache yamwagike. Anafua."

Kaka akasimama pale. Kamba ya nguo uani ilikuwa tupu, na nguo chafu zote zilikuwa kwenye beseni mlangoni mwa jikoni. Mama aliegemea mlango wa bafu kwa bega, akishikilia ukuta ili asianguke, akabaki hapo miguu yake mitupu ikiloa.